Motokaa ya Magurudumu Manne Isipovuta: Jinsi ya Kutafuta Mahali Nguvu Inapopotelea

Karatasi hii yawahusu wakulima wenye motokaa inayovutwa na magurudumu yote manne, ikiwa ni mali ya mtu mmoja au ya chama kilichonunua kwa shirika ili kupeleka mazao sokoni. Motokaa ya namna hii ni ghali kuinunua na ghali kuitunza. Hukuinunua kwa ajili ya fahari, bali kwa ajili ya zile siku za masika ambapo njia ya kutoka shambani imekuwa tope na magari mengine hayapiti. Ikishindwa siku hizo, viazi vyabaki ghalani, maziwa yachacha, na kabichi zaoza huku mnunuzi amekwisha kwenda zake. Tena yaja hasara ya pili iliyo mbaya kuliko ya kwanza: mwenye gari aambiwa kwamba giaboksi imekufa au injini imechoka, naye alipa fedha za msimu mzima, kisha gari larudi katika tope lile lile, wala halivuti, kama lilivyokuwa halivuti kwanza.

Sababu ya hasara hiyo ya pili ni neno moja tu. Watu husema, "Gari halina nguvu," na neno hilo lachanganya mambo matatu yasiyofanana hata kidogo. Huenda injini yenyewe haitoi nguvu. Huenda injini yatoa nguvu, lakini yapotea njiani kabla ya kufika magurudumuni. Tena huenda nguvu yafika salama mpaka kwenye tairi, lakini ardhi haishikiki. Kabla hujamwita fundi, na kabla hujafungua bolti hata moja, yakupasa kujua ni lipi katika hayo. Si kazi ngumu. Yataka macho ya mtu mmoja aliyesimama nje, na masikio ya mwingine aliye kwenye usukani.

Aliye nje na asimame ubavuni, hatua kadha mbali na gari, asisimame kamwe mbele yake wala nyuma yake. Mwendeshaji atie gia ya kwanza ajaribu kuondoka polepole. Ikiwa sauti ya injini yashuka kama mtu aliyetwishwa mzigo mzito, ikakaribia kuzimika, wala hakuna gurudumu linaloteleza, basi injini ndiyo dhaifu, au breki zimeshika. Ikiwa injini yanguruma kwa ukali na magurudumu yote manne yametulia kimya, nguvu yapotea njiani. Na ikiwa magurudumu yanazunguka mahali pamoja yakirusha tope, hapo usiseme tena kwamba gari halina nguvu. Tazama ni magurudumu gani yanayozunguka, na mangapi, kwa maana jambo hilo moja laweza kukuokolea fedha nyingi kuliko shauri la mafundi watatu.

Ili uelewe unachokiona, fikiri nira ya maksai wawili. Mnyororo wa plau umefungwa katikati ya nira. Maksai wakivuta sawasawa, plau yaenda. Lakini mmoja akilegea asivute, nira yageuka upande wake, na yule wa pili, hata awe na nguvu namna gani, havuti plau. Aigeuza nira tu. Katikati ya magurudumu mawili ya nyuma ya motokaa yako mna chombo ambacho mafundi hukiita difu, nacho ni nira ya chuma. Kiliwekwa pale ili gari likikata kona, gurudumu la nje liende mbio kuliko la ndani pasipo kuburuzana. Lakini tabia yake ni ile ile ya nira: magurudumu yote mawili hupewa nguvu iliyo sawa, wala moja haliwezi kupata zaidi ya mwenzake. Gurudumu moja likiwa juu ya tope laini lisilopinga kitu, lapokea nguvu kidogo sana, na mwenzake aliye juu ya ardhi kavu apokea kidogo hicho hicho. Kukanyaga mafuta zaidi kwalizungusha lile lililo katika tope, basi.

Sasa twaweza kusema jambo ambalo wengi hawalijui. Katika motokaa ya magurudumu manne ya desturi mna difu mbili, moja nyuma na moja mbele. Ukiona gurudumu moja la nyuma na gurudumu moja la mbele yakizunguka pamoja huku mawili mengine yamesimama, gari lako halina ugonjwa. Lafanya kazi kama lilivyoundwa, ila nira zote mbili zimegeuka. Dawa yake si spana, ni jembe: chimba tope mbele ya tairi, weka matawi au mawe, punguza hewa ya tairi kidogo (uirudishe ufikapo barabara ngumu), na kama mzigo wote umekaa nyuma, usogeze. Kama nyuma kuna gurudumu linaloteleza, kuvuta breki ya mkono kidogo kidogo huku ukienda pole kwaweza kulizuia hilo linalocheza, na mwenzake akapata nguvu. Walakini hila hii haifai katika Land Rover za zamani, maana breki yao ya mkono haishiki magurudumu. Yashika propela nyuma ya giaboksi. Magari mengine yana kufuli ya difu, ambayo huifunga nira isigeuke. Itumie katika tope tu, na uifungue kabla ya kukata kona mahali pagumu.

Lakini ukiona gurudumu moja la nyuma lazunguka, na ya mbele yote mawili yametulia kama ng'ombe waliolala, hapo pana kasoro ya kweli. Nguvu haifiki mbele. Na katika magari niliyoyaona, kosa hili ndilo lililokuwa la kawaida kuliko yote, na mara nyingi ndilo lililokuwa rahisi kuliko yote kulitengeneza.

Nguvu ya kwenda mbele hupita njia hii. Yatoka injini, yapita klachi, yaingia giaboksi. Kutoka hapo yafika kwenye sanduku dogo la kugawanya ambalo mafundi huliita transfa. Hapo yagawanyika: shafti moja, yaani propela, yaenda nyuma, na nyingine yaenda mbele. Propela ya mbele yazungusha difu ya mbele, nayo yazungusha shafti mbili fupi, na mwisho wa kila shafti, kwenye kitovu cha gurudumu, magari mengi huwa na habu ya kufungwa na kufunguliwa kwa mkono. Anza kutafuta hapo kwenye habu, kwa kuwa ni nje, ni rahisi, wala hapana gharama. Juu yake mna alama mbili: FREE, maana yake huru, na LOCK, maana yake imefungwa. Zote mbili zapasa kuwa kwenye LOCK. Usiseme, "Moja imefungwa, yatosha nusu." Kumbuka nira: habu moja ikiwa huru, shafti ya upande huo yazunguka bure, na gurudumu la upande wa pili halipati kitu. Nimepata kuona pikapu ya chama cha wakulima iliyobadilishwa klachi nzima kwa sababu ya habu moja ya kushoto iliyojaa udongo, isiweze kugeuka mpaka mwisho wake.

Kisha tazama fimbo ya transfa, au kitufe katika magari mapya. Alama 2H ni magurudumu mawili. 4H ni manne kwa mwendo wa kawaida. 4L ni manne kwa mwendo wa polepole na nguvu nyingi. Katika Land Rover za zamani, kishikio cha manjano hushindiliwa chini ili kutia magurudumu manne, na fimbo nyekundu huvutwa nyuma kwa mwendo wa polepole. Kampuni ya Rover ilionyesha gari hilo kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, nalo lilikusudiwa hasa kazi za shamba, hata ninyi wakulima msidhani ya kuwa jambo hili ni la wanajeshi na wawindaji tu. Taa ya magurudumu manne ikiwaka na kuzimika pasipo kutulia, mara nyingi meno ya ndani hayajaingia sawasawa. Nenda mbele kidogo, kisha rudi nyuma kidogo, polepole. Tena magari mengine hufunga shafti za mbele kwa nguvu ya hewa inayovutwa kupitia mipira midogo. Mpira mmoja ukipasuka au ukitafunwa na panya, sehemu ya mbele haitafungwa. Mpira huo ni wa bei ndogo sana.

Ikiwa bado hujapata, liko jaribio la kufanya nyumbani, injini ikiwa imezimwa. Weka gari mahali tambarare na pagumu. Zuia magurudumu matatu kwa mawe makubwa, mbele na nyuma ya kila moja. Funga habu zote mbili, tia transfa kwenye 4H. Likikataa kuingia, sogeza gari kidogo. Kisha inua gurudumu moja tu la mbele kwa jeki, na uweke gogo imara chini ya ekseli, maana jeki huteleza, na mtu aliyeangukiwa na gari harudi kulima. Usitambae chini yake. Utaona yakupasayo kuona kwa kuinama ubavuni. Sasa zungusha kwa mkono lile gurudumu lililoinuliwa. Lisipogeuka ila kucheza kidogo tu, njia ya nguvu ya mbele ni nzima. Likizunguka kwa urahisi, tazama propela ya mbele. Ikizunguka pamoja na gurudumu, basi transfa ndiyo isiyoshika, na kazi hiyo ni ya fundi. Lakini propela ikitulia na gurudumu lazunguka, kosa liko kati ya difu na magurudumu: habu, au shafti iliyokatika, ya upande huu au ya upande wa pili. Fundi akikuambia baada ya hapo kwamba giaboksi ndiyo mbaya, utajua la kumwuliza.

Jaribio hili ni la magari ya kutia na kutoa magurudumu manne kwa fimbo. Yako mengine, kama Subaru nyingi, ambayo huvutwa na magurudumu manne wakati wote, nayo tutayasema mbele.

Kwanza tumalize habari ya nguvu inayopotea njiani kabla ya kufika popote, yaani injini yanguruma na gari halisogei, au lasogea kivivu huku pakinuka harufu ya kuungua. Hiyo ni klachi. Ili kuhakikisha, vuta breki ya mkono, zuia magurudumu, tia gia ya tatu, ongeza mafuta kidogo, ukaachie klachi polepole. Klachi nzima itaizima injini papo hapo. Injini ikiendelea kuzunguka, klachi yateleza. Fanya hivyo mara moja tu, kwa maana kila mara waichoma zaidi. Gari lenye giaboksi ya kujibadilisha lenyewe halina klachi ya mguu. Huko pima oili yake kama kitabu cha gari kisemavyo, na uinuse. Ikiwa nyeusi yenye harufu ya kuungua, usiende nalo safari ndefu. Na ukisikia mgongano mmoja, "kok!", kila uachiapo klachi, shika propela kwa mkono injini ikiwa imezimwa na magurudumu yamezuiwa, uitikise: jointi zake zikicheza, zibadilishe kabla hazijakatika njiani na shafti ikapiga sakafu ya gari.

Haya, sasa injini. Sitasema mengi, maana mafundi wengi waijua vema kuliko sehemu zile nyingine, nayo ndiyo hulaumiwa pasipo haki. Anza na chujio la hewa. Mwezi mmoja wa vumbi la kiangazi watosha kuliziba, na injini isiyopumua hutoa moshi mweusi na kulemewa milimani. Kisha chujio la mafuta. Na katika gari la dizeli, fungua koki iliyo chini ya chujio uyatoe maji yaliyojikusanya, hasa kama wanunua mafuta ya madumu. Moshi wa bluu waonyesha oili inayoungua; mweupe usiokoma hata injini ikiisha kupata moto waonyesha mara nyingi dizeli isiyoungua vema, au maji yaliyoingia mahali pasipo pake. Katika gari lenye taa ya injini kwenye dashibodi, taa ikiwaka na gari likakataa kwenda mbio, kompyuta yake imepunguza nguvu kwa makusudi ili injini isiharibike. Mwambie fundi aisome kwa mashine yake kwanza, kabla ya kubadilisha chombo chochote. Usisahau kugusa kwa uangalifu vitovu vya magurudumu baada ya mwendo mfupi: kimoja kikiwa cha moto kuliko vingine, breki yake haiachii, na injini yako yailima breki hiyo mchana kutwa.

Tena, mkulima wa nyanda za juu na ajue hili. Njombe iko kama meta 2,000 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja katika tano. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Gari ulilolijaribu Dar es Salaam ukalisifu, likikuonekea zito Njombe, halikubadilika. Wewe ndiwe uliyepanda mlima.

Sasa magari ya magurudumu manne wakati wote. Hayo yana nira tatu: moja nyuma, moja mbele, na ya tatu katikati, kati ya mbele na nyuma. Kama nira ya katikati haikufungwa wala haina kitu cha kuizuia, gurudumu moja tu linaloteleza laweza kuwaibia wenzake wote watatu. Kwa hiyo magari yenye kufuli ya katikati, ifunge kabla hujaingia tope, si baada ya kukwama. Katika Subaru nyingi za gia za mkono, difu ya katikati huzuiwa na kiungo chenye mafuta mazito ndani yake, ambayo hukaza pande mbili zikianza kupishana mwendo. Kiungo hicho hukutaka uwe na tairi zilizo sawa. Kampuni yataka mizunguko ya tairi nne isitofautiane zaidi ya milimita 6 hivi. Ukitia tairi mbili mpya mbele na mbili zilizokwisha nyuma, pande hizo zapishana kila saa, barabara yote, na kiungo chapata moto mpaka kinaharibika. Chukua utepe wa kupimia mahindi, uzungushe kila tairi katikati, uandike. Kazi ya dakika kumi.

Magari mengine madogo huenda kwa magurudumu ya mbele, na ya nyuma huitwa kwa klachi ndogo pale ya mbele yanapoteleza. Ukikanyaga sana katika tope, klachi hiyo hupata moto, kompyuta huiachia, na taa huwaka. Gari halikuharibika. Zima, kaa kivulini nusu saa, kisha ujaribu tena kwa upole. Na kama una Subaru ya zamani ya giaboksi ya kujibadilisha yenyewe ambayo nyuma haivuti kabisa, tazama kisanduku cha fyuzi kilichoandikwa FWD. Mtu aliyeitia fyuzi humo ameiondoa nyuma kazini, na kuichomoa yatosha.

Litokeapo jambo la kinyume, yaani fimbo ya magurudumu manne imeingia haitaki kutoka na usukani umekuwa mzito, umekwenda na 4H kwenye barabara ngumu. Gari la fimbo halina nira ya katikati: mbele na nyuma vimefungwa pamoja. Kwenye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Katika tope tofauti hiyo huteleza ikaisha, lakini kwenye lami haina pa kwenda, basi shafti zajipinda kama kamba inayosokotwa. Usivute fimbo kwa nguvu. Rudi nyuma kwa mstari ulionyoka meta chache, au inua gurudumu moja kwa jeki, na msokoto utafunguka. Toka siku hiyo, tia magurudumu manne ukiona tope, ukayatoe ulionapo lami.

Msokoto huo huo huja kwa njia nyingine iliyofichika, nayo hutokea baada ya matengenezo. Difu zilizotumika huuzwa nyingi, na mbili zinazofanana kwa nje huweza kuwa na hesabu tofauti ya meno. Moja huzungushwa na propela mara 4.1 ili gurudumu lizunguke mara moja, nyingine mara 4.3. Gari likienda kwa magurudumu mawili hutajua. Ukitia manne, mbele na nyuma hubishana kiasi cha meta 50 hivi katika kila kilometa moja, na kitu fulani lazima kishindwe. Kabla ya kumlipa aliyekutilia difu, pima. Zuia magurudumu, weka transfa kwenye 2H na giaboksi huru, inua gurudumu moja la nyuma na uliwekee gogo. Breki ya mkono iachie. Tia alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela. Mmoja azungushe gurudumu mara 20 kamili. Mwingine, akiinama ubavuni, ahesabu propela. Kwa kuwa gurudumu la pili limesimama, propela itazunguka mara 41, au 43, kama hesabu ya difu ilivyo. Andika namba hiyo, kisha ufanye vivyo hivyo mbele, habu zikiwa zimefungwa. Namba zikitofautiana, usitie 4H hata mara moja mpaka difu mojawapo imebadilishwa, na aliyeiuza airudishe.